Soko la wanga wa mahindi maana yake nini? Tuangalie Afrika Kusini

Ukimwambia mtu "soko la wanga wa mahindi" anawaza kile kipaketi cha unga mweupe unaoteleza vidoleni, ule wa kufanya supu iwe nzito au kupikia kastadi, sasa hiyo ni sehemu ndogo mno ya habari yenyewe. Wanga ukitoka kiwandani unapakiwa kwenye malori unaenda viwanda vingine, wanunuzi wakubwa ni watengeneza bia, watengeneza peremende, watengeneza karatasi na maboksi, mpishi wa nyumbani yuko mwisho kabisa wa foleni. Kwa hiyo hili ni soko la kiwanda kumuuzia kiwanda, na njia rahisi ya kulielewa ni kuchukua nchi moja ukaitazama, maana kila nchi ina mambo yake. Mimi nachukua Afrika Kusini kwa sababu kule biashara hii ni ya siku nyingi, na huku kusini mwa Sahara hakuna anayeifanya kwa ukubwa ule.

Kwanza tuwekane sawa, wanga sio sembe. Sembe hata uikoboe vipi bado ina protini yake na mafuta kidogo. Ili upate wanga mtupu mahindi yanalowekwa kwenye matangi makubwa, maji ya moto wa kama nyuzi 50 yaliyotiwa salfa dayoksaidi kidogo, yanakaa humo siku nzima mpaka mbili hivi, punje inavimba inalainika. Zikisagwa kwa juu juu kile kiini kinachomoka kizima kinaenda kukamuliwa mafuta, halafu zinasagwa tena laini, makapi yanachujwa, kinachobaki ni kama maziwa mazito yenye wanga na protini kwa pamoja. Hayo maziwa yanazungushwa kwenye mashine kwa kasi kubwa, wanga mzito unaenda upande wake na protini nyepesi upande wake. Wanga ukikaushwa ndio unga, usipokaushwa unapelekwa kwenye enzaimu unageuka sirapu ya glukosi, na kule Afrika Kusini hiyo sirapu ni biashara kubwa sana.

Hesabu yake iko hivi. Tani moja ya mahindi inakupa wanga kama kilo 650, juu au chini kidogo, kwa hiyo tani moja ya wanga inakula tani moja na nusu ya mahindi. Mahindi yakipanda randi 1,000 kwa tani, malighafi ya wanga imepanda randi 1,500 papo hapo. Kinachomwokoa mwenye kiwanda ni yale mabaki, mafuta ya kiini, protini ya njano inayoenda kwenye chakula cha kuku, makapi yanayoenda kwa ng'ombe, maana hayo nayo huwa yanapanda bei mahindi yakipanda. Watu wengi wanaoandika kuhusu wanga wanayasahau kabisa mabaki wakati ndiyo mara nyingi yanaamua kama mwezi umekwisha na faida au la.

Sasa mahindi yenyewe. Bei yake kule inapangwa kwenye soko la Johannesburg, ile idara ya mazao ambayo watu bado wanaiita SAFEX, ilianza kuuza mikataba ya mahindi, yaani kukubaliana leo bei ya mahindi yatakayotolewa baadaye, mwaka 1996 wakati serikali inaachana na mambo ya bodi kupanga bei. Bei unayoiona pale ni ya mahindi yakiwa Randfontein, mji ulioko magharibi ya Johannesburg, ukiwa mbali unakatwa nauli. Na hapa ndipo pana jambo ambalo ukilishika umeshika nusu ya soko zima: nchi ikivuna ziada, mahindi ya ziada lazima yatoke nje, kwa hiyo bei ya ndani inakuwa bei ya dunia ukitoa gharama ya kuyafikisha huko, treni mpaka bandari ya Durban, meli na kadhalika. Nchi ikivuna kidogo inabidi iagize, bei ya ndani inakuwa bei ya dunia ukijumlisha meli, bandari na lori la kupandisha mpaka Gauteng, jimbo lenye Johannesburg. Yaani dunia inaweza isibadilike chochote, Chicago kunakopangwa bei ya dunia wamelala tu, lakini mvua ikikosekana kule Free State, jimbo linalolima mahindi, bei inaruka kutoka chini kabisa ya kipimo mpaka juu kabisa.

Na inaruka kweli. Ukame wa El Niño ulifanya mavuno ya 2016 yawe chini ya tani milioni 8, mwaka uliofuata wa 2017 wakavuna karibu milioni 17, zaidi ya mara mbili, fikiria unaendesha kiwanda katikati ya hiyo bembea. 2023 walipata zaidi ya milioni 16, 2024 joto na ukame wa katikati ya msimu ukayashusha chini ya milioni 13, mahindi meupe yakavuka randi 5,000 kwa tani kwa sababu Zambia, Malawi na Zimbabwe nao walikuwa wanayatafuta ya kula. Wanga unatengenezwa zaidi na mahindi ya njano, ambayo kule ni chakula cha mifugo, kwa hiyo hayakupaa vile, ila usidhani mwenye kiwanda analala usingizi, meupe yakilipa sana mkulima msimu unaofuata anahamisha shamba lake huko.

Ndio maana kwenye biashara hii kawaida mteja mkubwa anapewa bei ya mahindi kivyake na gharama ya kusindika kivyake, mahindi yakipanda au yakishuka ni mzigo wake, wewe unapigania ile gharama ya kusindika tu. Ukisikia kampuni ya wanga imepata faida nzuri mwaka ambao mahindi yalikuwa ghali usishangae.

Twende kwa wanunuzi, ila kwanza tumjue muuzaji. Kampuni inayotawala inaitwa Ingrain, zamani ilikuwa Tongaat Hulett Starch, ina viwanda Germiston, Kliprivier na Meyerton kule Gauteng na kingine Bellville karibu na Cape Town, na inasaga zaidi ya tani 600,000 za mahindi kwa mwaka. Kilichowakuta 2020 kinaeleza soko hili vizuri kuliko ripoti yoyote. Tongaat, kampuni ya sukari, ilikuwa imezama kwenye madeni baada ya kashfa ya mahesabu iliyofumuka 2019, ikaamua kuuza kitengo cha wanga ipumue. Mwezi wa pili 2020 Barloworld, hawa wanaojulikana kwa kuuza mitambo ya Caterpillar, wakakubali kukinunua kwa randi bilioni 5.35. Mwezi mmoja baadaye lokdauni, na serikali ikapiga marufuku uuzaji wa pombe nchi nzima. Unaona inapoelekea? Bia nyingi za kawaida zinapikwa kwa shayiri pamoja na sirapu ya mahindi, bia isipouzwa sirapu haiendi, na kiwanda cha wanga kikapoteza mmoja wa wateja wake wakubwa usiku mmoja. Barloworld wakataka kujitoa, wakasema biashara waliyokubaliana kununua sio hii tena, Tongaat wakakataa, mgogoro ukapelekwa kwa mtaalamu wa kujitegemea naye akaona hali haijaharibika kiasi cha kuvunja mkataba. Dili likafungwa tarehe 31 Oktoba 2020. Pombe ilikuja kufungwa tena mara zingine baada ya hapo, Desemba mpaka 1 Februari 2021 na tena katikati ya mwaka huo, na kila mara mtu wa wanga naye anaumia bila kutajwa popote kwenye habari.

Krimu ya unga ya kuwekea kahawa nayo kwa sehemu kubwa ni sirapu ya glukosi iliyokaushwa na mafuta ya mimea. Peremende vilevile. Haya hayana hadithi ndefu, watu wakiwa na hela yanauzika, wakibanwa yanapungua.

Ila maboksi, hapo kuna kitu. Chukua boksi lolote la karatasi, tuseme la machungwa au la sabuni, lichane ukingoni utaona karatasi iliyopinda mawimbi katikati ya karatasi mbili zilizonyooka. Kinachoshikilia kila kilele cha wimbi kwenye karatasi ni wanga. Wanaupika kidogo uwe uji, wanachanganya na wanga mbichi, magadi makali na boraksi, mashine inapaka mstari mwembamba kwenye vilele, kisha karatasi inapita kwenye sahani za moto na ule wanga mbichi unaiva palepale na kunata. Kama una ile iodini ya shuleni ya kupimia wanga dondoshea hapo ulipochana, inageuka bluu nyeusi, na usishangae karatasi yenyewe nayo ikigeuka maana karatasi nyingi zinapakwa wanga juu ili zisimeze wino. Sasa Afrika Kusini ni ya pili duniani kwa kuuza nje matunda ya jamii ya machungwa, nyuma ya Hispania, na matunda hayo hayasafiri kwenye magunia, yanaenda kwenye maboksi, mamilioni kwa mamilioni kila msimu. Kwa hiyo msimu mzuri wa machungwa kwenye majimbo ya Limpopo na Eastern Cape ni oda ya wanga Germiston, na Marekani ilipoweka ushuru wa asilimia 30 kwa bidhaa za Afrika Kusini Agosti 2025, mtu wa wanga alikuwa na sababu ya kusoma habari ile mpaka mwisho. Karatasi ya kuandikia na magazeti inashuka mwaka hadi mwaka kwa sababu ya simu, maboksi yanapanda kwa sababu ya matunda na watu kununua vitu mtandaoni, kwa hiyo ndani ya mteja huyohuyo wa karatasi kuna mmoja anakufa na mwingine anakua.

Nishati nayo. Kiwanda cha wanga hakizimwi jioni kikawashwa asubuhi, mahindi yamelowa yako kwenye matangi, maji ya wanga yako kwenye mabomba, umeme ukikatika kwa muda wa saa nne yanaanza kuchacha. Mwaka 2023 mgao wa umeme kule ulikuwa mbaya kuliko miaka yote, ukaja kupungua sana kuanzia mwishoni mwa Machi 2024. Kinachotisha viwanda vya Gauteng sasa ni gesi, inayotoka Msumbiji kwenye visima vya Pande na Temane kwa bomba la kilomita 865, visima vinapungua nguvu na Sasol, kampuni inayoiuza gesi hiyo, imeshawaambia wateja wajiandae. Kukausha wanga kunataka moto mwingi, hesabu mwenyewe.

Halafu kuna wa nje. Wanga wa muhogo wa Thailand unashuka Durban, na kwa baadhi ya vyakula ni bora maana hauna ladha na unang'aa. Wale wanga maalumu waliorekebishwa ili mgando usivunjike kwenye friza au kwenye mtindi wengi wanatoka kwa makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Pia zaidi ya asilimia 80 ya mahindi ya Afrika Kusini ni ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba, sasa mteja akitaka wanga usio na hayo mambo inabidi mahindi yake yalimwe kando, yasafirishwe kando, yahifadhiwe kando, na alipie.

Kitu kimoja kinaniudhi, zile ripoti za soko zinazouzwa maelfu ya dola zinazokopi mwelekeo wa Marekani na kuubandika kila nchi. Utasoma eti watu kukimbia sirapu tamu ya mahindi kunatikisa soko. Marekani ni kweli, kule soda zilihamia kwenye sirapu hiyo miaka ya 80 kwa sababu sukari ya nje iliwekewa kikomo ikawa ghali. Afrika Kusini ina miwa yake KwaZulu-Natal na Mpumalanga, soda inatiwa sukari ya miwa, hata kodi ya vinywaji vitamu iliyoanza Aprili 2018 ilimuumiza zaidi mtu wa miwa.

Na huku kwetu mbona mahindi tunayo? Mahindi yetu ni meupe na ni ugali, mwaka wa njaa hakuna serikali itakayomvumilia mtu anayeyageuza gundi, Tanzania imeshawahi kufunga mipaka yasitoke hata nje tu. Halafu kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, ile iliyofanya Kenya isimamishe mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021. Mahindi yenye sumukuvu ukiyapitisha kwenye usagaji wa maji, wanga unatoka msafi kwa kiasi kikubwa, sumu inahamia kwenye makapi, kiini na protini, yaani inajazana kwenye yale mabaki ambayo ndiyo yanalipa gharama, na hakuna mfugaji wa kuku mwenye akili atakayeyanunua.