Mtoto amelala, mama yu macho: maswali kuhusu uchovu wa malezi na usingizi wakati wa janga

Uchovu wa malezi una tofauti gani na kuchoka kwa kila mzazi?

Kuchoka hakukwepeki. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande, na hunyonya mara 8 hadi 12. Uchovu huo hupungua mama akilala vizuri.

Uchovu wa malezi haumalizwi na usiku mmoja mzuri. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, watafiti wa Ubelgiji waliochapisha kipimo chake mwaka 2018, wanautambua kwa mambo manne: mzazi ameishiwa nguvu kwa kazi ya malezi yenyewe, anajiona si mzazi yule aliyekuwa mwanzo, raha ya kuwa na mtoto imemtoka, na moyo wake umejitenga, anamnyonyesha na kumbadilisha nepi ili kazi iishe tu. Mzigo umezidi msaada kwa muda mrefu. Mapenzi kwa mtoto yanaweza kuwa palepale.

Kwa nini janga huuzidisha?

Kwa sababu linaondoa watu. Baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza UVIKO-19 kuwa janga tarehe 11 Machi 2020, familia nyingi ziliwaomba bibi na mashangazi wasije, ziara za kliniki zikapunguzwa au zikahamia kwenye simu, na shule zilipofungwa watoto wakubwa wakabaki nyumbani. Kushinda ndani nako kunamnyima mama mwanga wa jua, ambao ndio unaopanga saa ya mwili.

Naambiwa nilale mtoto akilala, lakini usingizi hauji. Kwa nini?

Hapa pana matatizo mawili ambayo huchanganywa sana. Kuna mama asiyepata nafasi ya kulala: mwachie saa moja, atazama. Na kuna mama mwenye nafasi, mtoto kalala fofofo, ila yeye macho makavu, masikio yanasubiri kilio. Wa kwanza anahitaji mtu wa kumshika mtoto. Wa pili anahitaji zaidi ya hapo.

Jiulize: mtoto akichukuliwa sasa kwa saa nne, nitalala? Kama jibu ni hapana karibu kila siku kwa wiki mbili, mweleze mkunga au daktari kwa maneno hayohayo, kwani inaweza kuwa dalili ya wasiwasi uliopitiliza au sonona. Omba pia upimwe wingi wa damu na tezi ya thairoidi. Vyote vinaweza kuvurugika baada ya kujifungua.

Wakati huohuo, ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kulala, inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Simu na habari za janga zibaki nje ya chumba. Kahawa iishie asubuhi: saa tano baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Asubuhi toka kwenye mwanga, hata kama ni dirishani.

Tupangeje usiku?

Lengo ni kipande kimoja cha saa 4 hadi 5 bila kukatizwa. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua kama dakika 90, na usingizi mzito huja zaidi mwanzoni. Anayeamshwa kila saa haumalizi hata mmoja. Kwa mfano, nyonyesha saa 3 usiku, kisha ukalale chumba kingine. Mwenzako abaki na mtoto hadi saa 8. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba, na siku 4 kwenye friji. Wiki za mwanzo, kabla unyonyeshaji haujatulia, usipitishe muda mrefu hivyo bila kunyonyesha, maana matiti yatajaa na kuuma na maziwa yanaweza kupungua. Msaidizi amlete mtoto anyonye, kisha amchukue amcheulishe na kumbadilisha yeye.

Mpango huu mara nyingi huharibiwa na neno «niite akilia». Mama hulala sikio moja wazi, na hapo hajapumzika. Kabidhi kabisa. Mwingine hutumia muda huo kufua, nguo zisubiri.

Usiku usimnyonyeshee kwenye kochi ukiwa na usingizi: kusinzia hapo na mtoto ni hatari kuliko karibu kila mahali. Mtoto alale chali, mahali pake pagumu na tambarare, bila mito.

Kama huna mwenzi, chagua msaidizi mmoja mwenye afya na asiyetangamana na wengi, hata kwa saa mbili za mchana.

Nikiambukizwa?

Kwa UVIKO-19, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kuendelea kunyonyesha, kuvaa barakoa na kunawa mikono kabla na baada ya kumshika mtoto.

Ninunue dawa ya usingizi?

Usijiandikie. Baadhi ya dawa za mzio zinazosinziza hupunguza maziwa, na huenda usimsikie mtoto.

Lini niende hospitali?

Machozi ya mwanzo hushika kasi siku ya 3 hadi ya 5 na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, omba kipimo cha Edinburgh, cha kutambua sonona baada ya kujifungua: maswali 10, yanatumika tangu 1987, na yanaweza kuulizwa hata kwa simu.

Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto ni dharura. Vilevile mama asiyelala usiku kadhaa na hata hajisikii kuchoka, anasema harakaharaka, anasikia sauti au anashuku kila mtu. Hali hii ya pili huwapata mama 1 au 2 kati ya 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Asiachwe peke yake na mtoto. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama watu wamezuiwa kutoka.