Gari la deraya si mtoto wa kifaru

Wengi huamini gari la deraya, yaani gari la vita lililovikwa bamba la chuma, ni kifaru cha vita kilichopunguzwa ili kuokoa fedha. Sivyo: Rolls-Royce za deraya zilikuwa kazini tangu 1914, vifaru vikaingia vitani Septemba 1916.

Msingi wake ulikuwa gari la kifahari la Rolls-Royce, Silver Ghost, lililovuliwa bodi, likaongezewa springi nzito, magurudumu pacha nyuma na mnara unaozunguka wenye bombomu aina ya Vickers. Bamba la milimita 12 lilizuia risasi ya bunduki, si kombora.

Rejeta, kifaa cha kupoza injini, ilikuwa na milango ya chuma. Ukiifunga kujikinga, hewa haipiti, injini inachemka. Dereva alilazimika kuchagua. Ufaransa mahandaki yaliyakwamisha magari haya. Jangwani, kwenye ardhi ngumu, yalitamba.