Nguo ya sikukuu na nguo ya bembea

Kila baada ya Idi, kliniki yetu ya ngozi hupokea watoto wa aina moja. Shingo imejaa vipele vidogo vidogo kama punje za mtama, makwapa yamechubuka, na kiunoni kuna mstari ulionyooka pale lastiki ilipokaza. Mama huwa ameshakisia sababu: chakula, maji ya kisima, hata jicho la mtu. Mimi huuliza swali moja tu: "Alivaa nini siku ya sikukuu?" Hapo mama hucheka, maana jibu analo kwenye simu, picha kumi na tano. Gauni la satini lenye bitana, juu yake neti tabaka tatu, soksi ndefu nyeupe, viatu vya kung'aa. Picha ya mwisho imepigwa kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, hapa Unguja. Mtoto yuko juu ya bembea, uso umeloa, na hacheki tena.

Vipele hivyo ni harara. Vitundu vya jasho vimeziba na jasho limebaki chini ya ngozi. Si maradhi ya kutisha. Mvalishe nguo nyepesi, muogeshe maji ya baridi, na baada ya siku chache ngozi inatulia. Mafuta mazito ya mgando usimpake, yatazidi kuziba. Lakini harara hunambia jambo kubwa zaidi: siku ile mwili wa mtoto ulitaka kupoa ukakosa njia.

Nalisema hili sasa kwa sababu sikukuu inaingia kwenye joto. Mwaka 2024 Idi el-Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshaanza kuinyesha nchi. Mwaka 2025 ikarudi hadi mwisho wa Machi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, mwaka 2027 tunaitarajia kabla ya katikati ya Machi na 2028 mwishoni mwa Februari, kwa kutegemea mwandamo. Anayeishi pwani anaijua miezi hiyo. Mchana nyuzi 32, 33, na usiku haupoi. Machi ndiyo mbaya zaidi, upepo wa kaskazi umeshachoka na wa kusi haujaingia, ni maleleji, hata majani ya mnazi hayatikisiki. Mwanzoni mwa Machi, saa sita na nusu hivi, simama uwanjani utazame chini: kivuli chako kimejikunja miguuni. Jua liko utosini kabisa.

Ushauri mwingi wa mavazi ya viwanja vya bembea umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, ambao majira ya joto yakifika hofu yao ya kwanza ni jua kubabua ngozi nyeupe. Sisi wengi wetu (nitakuja kwa wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la uhai) hofu yetu ya kwanza iwe jasho. Jasho linalodondoka halijapoza kitu. Linalopoza ni lile linalokauka kwenye ngozi, kwa sababu kila tone likigeuka mvuke huondoka na joto la mwili. Ulowanishe mkono wako mmoja, uupulize, utaona tofauti na ule mkavu. Sasa hewa ya pwani tayari imeshiba maji, jasho hukauka kwa shida, na msaada pekee uliobaki ni upepo kupita juu ya ngozi. Nguo ikiuzuia upepo huo, mtoto anachemka ndani kama wali uliofunikwa. Na mtoto akikimbia, kila kilo ya mwili wake huzalisha joto kuliko ya mtu mzima, huku jasho lake ni dogo.

Basi nguo ya bembea ina kazi moja, kuupisha upepo. Mengine yanafuata.

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu wa miaka saba kwenye maduka ya Darajani, usiku ule wa mwisho wa Ramadhani ambao huwezi kupitisha hata baiskeli. Alikuwa ameshalichagua gauni la zambarau. Nikalichukua, nikaweka kitambaa mdomoni, nikapuliza, kiganja changu kikiwa upande wa pili. Hakuna kitu. Nikajaribu tena sehemu isiyo na bitana. Hakuna. Muuza duka akauliza, "Dokta, unanunua gauni au puto?" Akacheka na mke wake, nami nikacheka, lakini hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Hakuna haja ya kusoma kibandiko kilichoandikwa Kichina. Puliza. Pumzi ikifika kiganjani, upepo utafika kifuani. Njia ya pili ni kukinyoosha kitambaa mbele ya taa: ukiviona vidole vyako waziwazi, basi jua nalo litapita, kwa hiyo kinafaa kivulini zaidi kuliko juani. Kizuri ni kile kinachopitisha pumzi lakini hakionyeshi vidole. Poplini nzito kidogo ya pamba, kitani, na khanga.

Khanga ya pamba haina mpinzani, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya nyumbani. Imefuliwa mara ishirini, imelainika, inanyonya jasho, inakauka upesi, na doti moja fundi anakutolea magauni mawili ya mtoto. Angalieni tu, siku hizi ziko khanga za poliesta zenye rangi kali na bei ndogo. Zipulizeni. Wazee wetu waliovaa kanzu za melimeli na bafta hawakuwa maskini wa vitambaa, bandari hii ilipokea hariri ya kila nchi. Walijua tu wanaishi wapi.

Rangi nayo huulizwa sana, hasa na kina mama: "Baibui jeusi si linavuta joto?" Linavuta, ndiyo. Lakini mwaka 1980 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu majoho meusi ya Mabedui wa jangwani. Mtu mmoja alisimamishwa juani mchana amevaa joho jeupe, kisha jeusi, na wao wakapima. Kitambaa cheusi kilipata moto zaidi, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawasawa, kwa kuwa joho lilikuwa pana na hewa ililichukua lile joto la ziada kabla halijafika mwilini. Jangwani lakini hewa ni kavu, na joho limeachia. Baibui la poliesta lililobana, ndani yake dera, ndani yake shumizi, Machi, Unguja, hilo ni jambo jingine. Mama anayekwenda kuwasubiri watoto uwanjani avae jeusi lake kama anavyopenda, ila liwe pana, jepesi, na ndani apunguze tabaka. Tabaka humtesa kuliko rangi.

Niwageukie watoto wachanga, maana hapa ndipo ninapogombana na bibi zao. Mtoto wa miezi minne analetwa uwanjani alasiri amevaa fulana, juu yake sweta ya uzi, kofia ya uzi, soksi, kisha amefunikwa shali, kisha amefungwa mgongoni kwa mama ambaye naye anatoka jasho. Ukiuliza unaambiwa "asipate baridi". Baridi ipi? Bibi mmoja alinijibu kwamba baridi ya upepo ndiyo inayoleta kichomi, nami ni mdogo nisimfundishe. Kwa heshima zote, bibi, nimonia huletwa na vijidudu. Mtoto mchanga hawezi kujivua, hawezi kuomba maji, na kichwa chake, ambacho ni sehemu kubwa ya mwili wake, hutoa joto jingi. Ukikifunika kwa uzi umefunga dirisha. Tia kidole nyuma ya shingo yake, chini ya kola. Pakiwa pamelowa au pana moto, vua kitu kimoja. Mikono na miguu isikudanganye, ya mchanga mara nyingi huwa na ubaridi hata akiwa anachemka kifuani. Kibebeo cha magurudumu nacho usikifunike kwa shali kumkinga jua, humo ndani hewa husimama. Tafuta mwembe.

Wakubwa kidogo wanaopanda vyombo vya kuzunguka uwanjani wana hatari nyingine. Hapa kwetu nani asiyejua habari ya baibui au khanga kunaswa na gurudumu la vespa? Mchezaji ngoma mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alikufa hivyohivyo mjini Nice tarehe 14 Septemba 1927, skafu yake ndefu iliponaswa na gurudumu la gari aliyopanda. Chombo kinachozunguka hakichagui. Kwa hiyo mtoto wa kike avae ushungi ulioshonwa kabisa, usio na pini wala ncha ya kuning'inia, na gauni liishie chini ya goti, ndani suruali nyembamba ya pamba. Mikufu ibaki nyumbani. Wavulana wenye kanzu waivue au waikunje na kuifunga kiunoni, kama wafanyavyo wakicheza mpira.

Viatu nisiseme mengi. Kandambili hudondoka kwenye bembea na kumwangukia wa chini, viatu vya plastiki visivyopitisha hewa huchubua. Makobazi yenye mkanda nyuma yanatosha. Ila asiwe peku kamwe, na kabla hujamweka kwenye mtelezo wa bati au kiti cha chuma, gusa mwenyewe kwa nyuma ya mkono. Chuma kilichopigwa jua tangu asubuhi kinaweza kuunguza mapaja ya mtoto kwa sekunde chache, na nimeshawafunga watoto bandeji ya namna hiyo.

Wanaovuka kwenda mabwawa yenye mitelezo ya maji, kama ya Kunduchi kule Dar es Salaam, wageuze ushauri wangu wote. Majini pamba ni adui. Hulowa, huwa nzito, humvuta mtoto chini, na pamba nyeupe ikilowa jua hupita zaidi kuliko ilipokuwa kavu. Huko ndiko nailoni ilikozaliwa kufanya kazi. Zipu za chuma na vifungo vikwepeni, hukwaruza mitelezo na ngozi. Anayetaka kujisitiri, iko burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, lililobuniwa Australia na Aheda Zanetti mwaka 2004 kwa haja hiyohiyo.

Kofia. Kofia zetu za kiua zina vitundu vilivyodariziwa pembezoni, na vitundu hivyo havikuwekwa kwa pambo tu, hewa hupita. Upungufu wake ni ukingo: masikio na kisogo viko juani. Chapeo ya ukili yenye ukingo wa upana wa kiganja inafanya yote mawili, inasukwa hapahapa, na nashangaa tunawauzia watalii wakati watoto wetu wanavaa kepu za plastiki.

Kwa mtoto mwenye ualbino chapeo hiyo ni lazima, pamoja na mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, miwani ya jua, na mafuta ya kuzuia jua. Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kuanzia kipimo cha 3 cha mionzi ya jua, na kuanzia 11 huhesabiwa kuwa cha hatari kupindukia. Kwetu, mchana usio na mawingu, 11 ni kawaida. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun mahususi kwa wenye ualbino. Yapakwe kabla ya kutoka, yarudiwe kila saa mbili na kila akijifuta jasho. Asizuiwe kwenda sikukuu. Apelekwe saa kumi na moja, viwanja hukesha.

Piko, ile michoro myeusi ya mikononi, si nguo, najua, lakini watoto huivaa. Piko nyeusi nyingi ni rangi ya nywele iliyokorogwa, ina kemikali ya PPD, na baada ya Idi ninaona malengelenge yaliyochorwa maua kamili mkononi. Hina ya majani inatosha.

Na ikiwa nguo imeshamshinda mtoto, utamwona. Anaacha kucheza, anasema kichwa kinauma, anatapika, anayumba kama mlevi, au anajibu visivyoeleweka. Hapo usimbembeleze kwa soda. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo zote za juu, mlowesheni mwili mzima kwa maji yoyote mliyo nayo, na wawili wampepee kwa nguvu, kipepeo cha ukili au kipande cha boksi. Asiye na fahamu msimnyweshe. Muiteni mwenye gari, na njiani endeleeni kumlowesha na kumpepea. Kumpoza kunaanza palepale, hakusubiri hospitali.

Lile gauni la zambarau tulilinunua. Machozi ya mtoto wa miaka saba usiku wa Idi yana nguvu kuliko shahada yangu. Tulikubaliana: asubuhi alilivaa kwenda kupokea mkono wa Idi kwa babu yake na shangazi zake, akapigwa picha zote. Alasiri, nje ya geti la kiwanja, mama yake akamzungushia khanga, akatoka na gauni la khanga lililoshonwa na fundi wa mtaani kwao. Zambarau likaingia kwenye mfuko. Siku ya sikukuu tatu halikutoka tena, mwenyewe alisema linamwasha, likabaki kusubiri Idi ya Mfunguo Tatu.