Kunguru hasafishi mji

Kaa Marikiti asubuhi, hukosi kusikia: "Muacheni kunguru, ndiye anayetusafishia mji." Imani hii ina asili yake. Miaka ya 1890 kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja makusudi ale taka. Mombasa alionekana mwaka 1947. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe.

Sasa mtazame huyu mgeni akiwa kazini. Anautoboa mfuko wa taka kwa mdomo, anavuta utumbo wa samaki, anaruka nao hadi juu ya paa, na nusu yake inamdondoka uani kwa jirani. Mfuko unabaki wazi, nzi wanaingia. Plastiki haili. Taka imetawanywa tu.

Hasara kubwa zaidi iko mitini. Anavamia viota vya ndege wadogo kama mnana na chozi, anakula mayai na makinda. Vifaranga vya kuku pia hawasalimiki. Mimi inaniuma, kwa sababu chozi hana pa kukimbilia.

Juni 2024 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni 1. Dawa ya Starlicide, sumu ya kuulia ndege, huua polepole, kwa saa kadhaa, na huvunjika mwilini mwa ndege, hivyo hatari kwa anayekula mzoga ni ndogo. Mitego pia ipo, ila kunguru ni mwerevu, huizoea haraka. Na maadamu majaa yako wazi, waliobaki watazaana upya: chakula hicho ndicho kinachowalea.