Filamu ya daraja B ni nini?

Filamu ya daraja B ni ile fupi na ya gharama ndogo iliyotengenezwa Hollywood ili isindikize filamu kubwa. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipopunguza watazamaji, wenye majumba ya sinema wakaanza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja: moja ndefu yenye nyota wa kutajika, nyingine ya dakika sitini hivi. Hiyo ya pili ndiyo B.

Ukitaka kujua kwa nini nyingi zinaudhi, tazama malipo. Filamu kubwa ilikula asilimia ya mapato ya mlangoni. B ilikodishwa kwa bei isiyobadilika, ukumbi ujae usijae. Studio ilijua mapema itapata kiasi gani, kwa hiyo faida ilitokana na kubana matumizi tu. Studio ndogo kama Monogram na PRC ziliishi kwa hesabu hiyo.

Hadithi za upelelezi ndizo zilizoumia zaidi. Fumbo zuri linataka mtazamaji aione dalili kwa macho yake, hata kama hakuitilia maanani: glavu iliyosahaulika kitini, dirisha lisilofungwa. Kila dalili inadai seti, taa na muda wa kupiga picha. Maneno hayana gharama. Basi wahusika wanakaa sebuleni wanaongea, halafu dakika za mwisho mpelelezi anawakusanya washukiwa na kuwasimulia mambo ambayo sisi hatukuonyeshwa hata mara moja. Mtazamaji anajiona amedhulumiwa, na ni kweli amedhulumiwa.

Giza nalo lilitumika vibaya. Katika filamu za uhalifu ambazo wakosoaji wa Ufaransa walianza kuziita noir, yaani nyeusi, mwaka 1946, kivuli hubeba hofu ya mhusika. Kwenye B mbovu kinaficha ukuta ambao haukujengwa.

Uhaba peke yake, hata hivyo, hauui filamu. Detour ya mwongozaji Edgar G. Ulmer, ambamo mtu anasimulia safari yake ya kuomba lifti, ilitolewa na PRC mwaka 1945 ikiwa na dhiki hiyo hiyo. Mtaa wa New York ni ukungu na nguzo ya taa. Picha za kuomba lifti ziligeuzwa kushoto kulia, usukani ukahamia kulia, kasoro ambayo mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza asiigundue kabisa. Lakini ukungu ule unamfaa msimulizi ambaye maelezo yake hatuwezi kuyaamini yote. Ulmer aliutumia umaskini wake kusimulia. Mwaka 1992 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya studio kubwa ya Paramount na wenzake, ikakataza kuwalazimisha wenye kumbi kununua filamu kwa mafungu, nzuri pamoja na mbovu. B ikapoteza soko lake la uhakika, na hadithi fupi za uhalifu zikahamia kwenye televisheni.