Cheni ya pikipiki kurefuka: maana yake na inavyofikia kukatika

Fundi akikuambia cheni yako imerefuka, anamaanisha viungo vyake vimelika kwa ndani. Mabamba ya pembeni, yale unayoyaona kwa nje, yana urefu uleule yaliyotoka nao dukani. Kilichobadilika ni sehemu ndogo ambamo pini huzunguka: matundu yamepanuka, pini zimekonda, na kila kiungo kimepata upenyo kidogo. Upenyo huo ukijumlishwa kiungo kwa kiungo, cheni nzima inakuwa ndefu, inalegea, inapigapiga kava, na mwisho inaruka meno au inakatika. Kwa dereva wa bodaboda anayebeba abiria kutwa nzima, hili ni suala la usalama kabla halijawa la gharama. Na cheni ya kawaida haikatiki bila taarifa. Huwa imetoa dalili kwa muda mrefu, na dalili hizo zinapimika kwa rula ya shule.

Chukua cheni mkononi uitazame kwa ubavu. Utaona pingili za aina mbili zinazofuatana. Pingili ya nje ni mabamba mawili yaliyounganishwa na pini mbili. Pingili ya ndani ni mabamba mawili yaliyoshikwa na bushi mbili, yaani vibomba vifupi vya chuma, na juu ya kila bushi kuna rola inayozunguka huru. Pini ya pingili moja hupita ndani ya bushi ya pingili inayofuata, na hapo ndipo cheni hujikunja kila inapoingia au kutoka kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni. Muundo huu ulibuniwa na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na cheni ya pikipiki ya leo bado inafuata mpangilio huohuo.

Rola ndizo zinazogusa meno ya sproketi, na kwa kuwa ndizo zinazoonekana, watu wengi huzipaka oili zikang'aa wakadhani kazi imekwisha. Msuguano unaoiua cheni hauko hapo. Uko kati ya pini na bushi, ndani kabisa, ambako jicho halifiki. Vumbi likiingia humo likachanganyika na oili kidogo iliyobaki, linakuwa kitu cha kusagia chuma. Kila mzunguko wa gurudumu unakwangua kidogo tena.

Sasa tazama hesabu yake. Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150 hutumia cheni ya namba 428. Tarakimu ya kwanza, 4, ni nafasi kutoka pini moja hadi nyingine ikihesabiwa kwa sehemu za nane za inchi: nne ya nane ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kwenye boksi la cheni utaona pia namba nyingine, kwa mfano 118, ambayo ni idadi ya pingili. Kila kiungo kikilika sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, cheni ya pingili 118 inaongezeka karibu milimita 12. Hakuna kiungo hata kimoja ambacho ungekitazama ukasema kimeharibika, lakini cheni tayari inaning'inia.

Ndiyo maana kipimo cha kweli ni urefu, si macho. Vuta cheni inyooke, hesabu pini 21, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Hapo kuna nafasi 20. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254. Ikifika 259, ambayo ni ongezeko la takriban asilimia 2, muda wake umekwisha. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa kote, na uchukue kipimo kibaya kuliko vyote. Angalia jinsi kikomo kilivyo karibu: milimita 5 kwenye nafasi 20 ni robo milimita tu kwa kila kiungo. Huna rula? Shika cheni mahali inapozunguka sproketi kubwa, upande wa nyuma kabisa, uivute kuelekea nyuma. Ikinyanyuka mpaka ukaona karibu nusu ya jino, usiendelee kuikaza.

Kabla ya kueleza inavyokatika, inafaa kujua kwamba cheni mpya si dhaifu. Cheni ya 428 iliyotengenezwa kwa kiwango hustahimili mvuto wa zaidi ya tani moja na nusu. Injini ya cc 150 haiwezi kuikata ikiwa nzima, hata ukiwa umepakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na kuna mlima mbele. Mzigo mkubwa huikata cheni ambayo tayari imeandaliwa kukatika.

Maandalizi hayo huenda hivi. Cheni ikirefuka, nafasi kati ya pini na pini hailingani tena na nafasi kati ya jino na jino. Badala ya meno mengi kugawana mzigo, unabaki kwa machache. Cheni inaanza kupanda kuelekea ncha za meno, na siku ukiachia klachi kwa nguvu, inaruka jino moja na kudondokea linalofuata. Mshtuko huo ni mkubwa kuliko mvuto wa kawaida mara nyingi. Wakati huohuo meno nayo yanalika upande mmoja, yanalala na kuchongoka. Raba za habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, zikiwa zimekwisha, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu zenyewe ndizo zilizowekwa kupunguza mshtuko huo kabla haujafika kwenye cheni.

Njia ya pili ni kutu. Pikipiki iliyopita kwenye tope la masika, au inayolala nje pwani kwenye hewa ya chumvi, hupata viungo vilivyokakamaa. Utavitambua ukizungusha gurudumu taratibu kwa mkono: pingili fulani inatoka kwenye sproketi ikiwa bado imepinda, haijinyooshi. Kila inapopita inalazimishwa kujikunja, na bamba lake linaanza kupata ufa kwenye ukingo wa tundu la pini. Ufa huo hukua kimyakimya.

Ya tatu ni loki ya cheni, ile pingili ya kuunganishia. Kwenye pikipiki ndogo hapa ndipo pa kutazama kwanza kila asubuhi, na ni kazi ya kupiga jicho tu. Klipu ya loki ina upande uliofungwa na upande wenye mdomo. Ukiitazama ikiwa kwenye mkondo wa juu wa cheni, upande uliofungwa lazima uelekee mbele ya pikipiki, kwa kuwa huko ndiko cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kava iliyopinda ikiigusa inaisukuma itoke. Klipu iliyokwisha kufunguliwa kwa bisibisi imepoteza nguvu ya kubana, na kuirudisha ileile ni kubana matumizi mahali pasipofaa kabisa.

Kuhusu ulegevu, kosa la kwanza ni kudhani cheni nzuri ni iliyokazwa. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka na shokabzoba, na mkono unaolishika umefungwa kwenye fremu mahali tofauti na katikati ya sproketi ndogo. Kwa hiyo umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Huwa mkubwa kuliko wote pale sproketi ndogo, boliti ya mkono huo na ekseli ya gurudumu vinapokaa mstari mmoja, na pikipiki hukaribia hali hiyo inapobebeshwa. Cheni iliyokazwa sana pikipiki ikiwa tupu haitakuwa na pa kwenda ukipandisha abiria wawili na gunia la mkaa. Mvuto unakwenda kwenye shafti ya giaboksi, kwenye beringi zake na za gurudumu. Ukiona oili inavuja nyuma ya sproketi ndogo, kabla ya kununua sili mpya uliza kwanza cheni hiyo imekuwa ikikazwa kiasi gani. Mimi kati ya cheni iliyolegea kidogo na iliyokazwa kupita kiasi nachagua iliyolegea, bila kusita.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Zima injini, weka gia huru, simamisha pikipiki kama kitabu chake kinavyoelekeza. Shika cheni katikati ya mkondo wa chini, isukume juu na uivute chini, upime mwendo wote kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Pikipiki ndogo nyingi hutaka milimita 20 hadi 30, na namba kamili huandikwa kwenye kitabu, au kwenye stika iliyobandikwa karibu na gurudumu la nyuma. Zungusha gurudumu na upime tena mahali kadhaa. Ukaze kwa kufuata mahali cheni inapobana zaidi, maana ukifuata inapolegea, pale inapobana patakuwa hapana nafasi hata kidogo.

Ukikaza, legeza nati ya ekseli, zungusha ajasta za pande zote mbili kwa kiasi kilekile, na uhakikishe alama za kushoto na kulia zinalingana. Gurudumu likikaa upande, cheni inakwangua ubavu wa meno na kulika kwa haraka usiyoielewa. Funga nati, weka kotapini, kisha upime ulegevu tena, kwa sababu kufunga nati huweza kuubadilisha. Halafu kuna jambo linalosahaulika sana: ukirudisha gurudumu nyuma, fimbo ya breki ya nyuma nayo inavutika. Breki inaweza kuanza kushika yenyewe na habu ikapata moto. Irekebishe pale pale kabla ya kuondoka.

Sasa oili. Kwenye vijiwe vingi kuna chupa ya oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, na ndiyo inayopakwa kwenye cheni. Naelewa kwa nini. Ni ya bure na ipo karibu. Lakini oili hiyo imetolewa kwenye injini kwa sababu imejaa masizi, chembe za chuma na asidi za mwako. Unaipeleka mahali penye msuguano mkali. Grisi nzito nayo haisaidii cheni ya kawaida. Haipenyi kati ya pini na bushi, inabaki nje ikikusanya mchanga. Oili safi ya gia, namba 90, inafanya kazi vizuri na chupa ndogo hudumu. Dawa ya kupuliza ya cheni ni nzuri pia, ukimudu.

Safisha kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, futa kwa kitambaa, acha ikauke. Usitumie petroli, kwa ajili ya moto. Pikipiki kubwa zina cheni yenye pete za mpira zinazofungia grisi ndani, na hizo petroli na brashi ya waya huziharibu kabisa. Kisha dondosha oili kwenye upande wa ndani wa mkondo wa chini, kwenye nafasi kati ya mabamba, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Ikizunguka, oili inasukumwa kutoka ndani kwenda nje na kupita viungo vyote. Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi: cheni ina joto, oili inapenya, na inapata usiku mzima kutulia. Futa iliyozidi. Baada ya mvua au kuosha pikipiki, rudia bila kusubiri ratiba. Kwenye barabara za vumbi rudia mara nyingi zaidi kuliko kwenye lami.

Na hili nalisema kwa msisitizo: usiwashe injini, ukaweka gia, ukashika kitambaa kwenye cheni inayozunguka ili kazi iishe haraka. Kitambaa kikinaswa, vidole vinafuata kwenye sproketi kabla hujafikiri kuvirudisha. Zungusha kwa mkono.

Ipo desturi nyingine inayohitaji kusemwa wazi. Ajasta zikifika mwisho, cheni hupelekwa kwa fundi ikakatwa pingili mbili, moja ya nje na moja ya ndani, ikafungwa tena. Inaonekana imepona, kwa kuwa ulegevu umekwisha. Lakini pingili zilizobaki ni zilezile zilizolika. Umbali kati ya pini na pini bado haulingani na meno, na sasa umeondoa dalili uliyokuwa ukiitegemea kukuonya. Ukishafika hapo nunua seti: cheni, sproketi ndogo na sproketi kubwa kwa pamoja. Cheni mpya ikifungwa kwenye meno yaliyolala hulika haraka, na fedha ya cheni hiyo imepotea. Kama sproketi ndogo ina meno 14 na kubwa 42, kila jino la ile ndogo linafanya kazi mara tatu ya jino la ile kubwa, kwa hiyo anza kukagua mbele, hata kama inabidi kufungua kava.

Cheni ikikatika barabarani, nguvu ya injini haifiki tena kwenye gurudumu. Hilo ndilo dogo. Inaweza kujikunja mbele kwenye sproketi ndogo na kupasua kava ya injini, au kujisokota nyuma na kulifunga gurudumu. Achia akseleta, kamata klachi, toka barabarani kwa breki ya mbele kwa upole. Ukishasimama salama na injini imezimwa, tafuta kipande kilichokatika na utazame mkato wenyewe. Sehemu inayong'aa ni ya leo. Sehemu nyeusi au yenye kutu ni ufa uliokuwapo kwa muda, na pingili nyingine za cheni hiyo zimepita vumbi, mvua na mizigo ileile. Kuiunga kwa loki mpya kunatosha kukufikisha gereji bila abiria.