Spiriti ya asilimia 99 sio kali kuliko ya 70

Ule ujumbe wa kwenye magrupu umerudi tena, eti kliniki inayofutia kitanda cha mgonjwa spiriti ya asilimia 70 inabana matumizi tu, dawa ya kweli ni ya 99. Sio kweli jamani. Spiriti inaua kwa kuharibu protini za kijidudu na kazi hiyo inahitaji maji, ndo maana inayofanya kazi vizuri ni ya kati ya 60 na 90, ile kavu kabisa inagandisha protini za juujuu halafu inapaa haraka kabla haijapenya ndani. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, tumezoea namba kubwa ndo kali.

Ukitaka kuhakikisha soma lebo, angalia dawa inaua vijidudu gani na sehemu inatakiwa ibaki imelowa dakika ngapi, kisha futa huku unatazama saa, ikikauka mapema pakaa tena. Na damu au uchafu utolewe kwanza (hapa wengi wanaruka). Spora (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu) ndo kabisa, spiriti haiziui hata umwage chupa nzima, huko zinatumika dawa nyingine kama za klorini.

Ukitumiwa huo ujumbe usiuforwadi, mweleweshe aliyeutuma taratibu tu.